Vipimo vya Bibi Nyigu

Simu ikilia, Mama Pini huacha kila kitu. Huacha mkasi umeuma kitambaa katikati, huacha pasi imesimama, humwacha mteja mikono juu kama aliyekamatwa, utepe wa kupimia ukining'inia begani. Tangu mwanawe apotee hajaiacha simu ile ilie mara tatu. Na kila akipokea, jamani, hupokea dunia nzima na mdomo wake.

“Hallo?”

“Mama, mtoto umemficha kwa nani?” Sauti ya kijana, na nyuma yake vicheko vya wenzake. “Mgawo wetu tuje kuchukua lini?”

“Haya, nimesikia,” alisema Mama Pini kwa upole. “Kata basi, baba.”

Kijana akakata. Wifi yake Mama Pini, aliyekuwa amekaa kwenye benchi la wateja, alimtazama kwa mshangao. “Mtu anakutukana na wewe unambembeleza?”

“Nikigombana naye atazidi kukaa hewani. Nataka laini iwe wazi, wifi.”

Laini hiyo ndiyo iliyokuwa roho ya nyumba ile, na sababu yake ilikuwa mtoto mwenyewe. Pini ni jina alilopewa na wateja. Akitoka shule hutambaa chini ya meza ya kukatia nguo na sumaku ya spika mbovu, akikusanya pini zilizoanguka. Amekulia chini ya meza ile akisikia mama yake akitaja vifua na viuno vya watu. Basi mama alipotaka kumfundisha namba ya simu, asije akapotea akakosa pa kupiga, namba kavu zilimkataa kabisa. Wakaigawa mbili mbili, ikawa vipimo vya mteja. Sifuri saba, kisha kifua sabini na nne, kiuno kumi na moja, nyonga hivi, mkono hivi. “Mama! Huyu ana kifua cha pipa na kiuno cha nyigu!” Pini alicheka mpaka akajigonga kichwa kwenye meza. Tangu siku hiyo mteja yule akaitwa Bibi Nyigu, na mtoto akawa anaviimba vipimo vyake njiani kwenda shule. Hakuna mtu mwingine duniani aliyemjua Bibi Nyigu. Watatu tu: mama, baba na mtoto.

Kisha mtoto akapotea kweli. Alitumwa uzi mweusi mtaa wa pili, mchana kweupe, ana miaka saba na gauni la njano. Mwenye duka alisema alimuuzia uzi, akampa chenji yake, mtoto akaondoka akirukaruka. Zaidi ya hapo hakuna aliyeona, na polisi waliandika maelezo wakasema watapiga simu.

Michango ilikuwa wazo la wifi. Wifi alikuwa karani kwenye kampuni ya kusafirisha mizigo, mwenye vidole vyepesi na moyo mwema, na moyo mwema ukipata simu ya bando, wee! Aliandika tangazo na kuweka picha ya Pini akicheka pengo, akaomba watu wachange nauli na mabango ya kumtafutia. Akauliza pesa ziingie namba gani.

“Tusajili laini mpya,” Mama Pini alisema. “Hii ni ya Pini.”

“Laini mpya watu wataiogopa, watasema matapeli. Yako iko kwenye kibao cha duka, imesajiliwa jina lako. Na si ndiyo vizuri? Pesa zikiingia ni kwako, mtoto akipiga ni kwako.”

Hoja ilikuwa nzuri. Hata mimi ningekubali.

* * *

Kutoa ni moyo, wanasema. Sawa, lakini kuna watu moyo wakiutoa leo, kesho wanaufuata kuukagua. Wiki ya kwanza mtandao ulilia na Mama Pini. Wiki ya pili mtandao ukagawanyika. Upande mmoja walijiita Tuko na Mama, upande wa pili Hesabu Kwanza, wakatukanana mchana na usiku juu ya mtoto ambaye hakuna hata mmoja wao aliyewahi kumwona. Aliyewasha moto alikuwa mwanamke mwenye kipindi chake mtandaoni, amejipa jina la Mama Ukweli. Kazi yake ilikuwa kupaka wanja, kukaa mbele ya simu yake na kuuliza maswali ambayo majibu yake ameshayatoa.

“Mimi simshutumu mtu,” husema. “Nauliza tu. Mbona mama halii? Mbona kaonekana na gauni jipya la hariri?”

Gauni la hariri lilikuwa la bibi harusi. Mama Pini alilibeba mkononi kumpelekea mwenyewe, mtu akampiga picha. Angelia vipi na hariri ya watu mkononi, machozi si yangeacha madoa?

Mtaani mambo yalikuja kwa namna nyingine. Mwalimu mmoja, mteja wa miaka mingi, alikuja kuchukua sketi zake mbili, akazikunja, akazitia kwenye mfuko, akaelekea mlangoni.

“Mwalimu, bado hatujamalizana,” Mama Pini alisema.

“Hatujamalizana nini? Mimi si nilichanga?” Mwalimu alitabasamu kabisa, bila haya. “Toa kwenye ule mchango wangu. Inayobaki kaa nayo, mpenzi.”

Ulimi wa Mama Pini ulikuwa na maneno, lakini alijua akiyasema yatafika kwa Mama Ukweli kabla ya jua kuzama. Na mwalimu akawa amefungua mlango. Baada yake alikuja muuza vyombo akachukua suruali ya mumewe kwa hesabu hiyo hiyo, kisha dada mmoja aliyekuja kudai kitambaa chake ambacho kilikuwa kimeshakatwa mikono na mgongo.

“Nipe hivyo hivyo vipande,” alisema yule dada. “Nitapeleka kwa fundi mwingine. Sitaki kuvaa kitu chenye maneno.”

Akampa. Alivikunja vipande vizuri, cha mgongo chini, mikono juu, akavifunga kwa uzi. Yule dada alipokwisha kutoka, Mama Pini aliinama chini ya meza kuokota pini, na alikaa humo muda mrefu kuliko pini zilizokuwepo.

* * *

Halafu siku moja asubuhi simu ikanyamaza.

Mwanzoni alishukuru Mungu, akadhani watu wamechoka. Ilipofika saa tano bila tusi hata moja, moyo ukamlipuka. Alipiga namba ya mumewe kujaribu, haikutoka. Kulikuwa na ujumbe hakuuona: laini yako imesimamishwa kufuatia malalamiko ya wateja. Mama Ukweli alikuwa amewaambia wafuasi wake wairipoti namba ile kwa utapeli, nao wakatii kwa maelfu, kila mmoja akibonyeza mara moja na kuendelea na shughuli zake.

Alifunga duka akaenda kwenye ofisi ya kampuni ya simu. Alikata tiketi, akakaa kwenye kiti cha plastiki mbele ya picha kubwa ya familia inayochekea simu. Alipofika dirishani, mhudumu, binti mwenye kucha ndefu na sauti ya adabu, alitazama kompyuta, kisha akamtazama yeye, kisha kompyuta tena. Alimtambua. Mwenzake wa dirisha la pili naye akanyoosha shingo.

“Kumbe ni wewe,” alisema mhudumu.

“Ni mimi, mwanangu. Naomba unifungulie. Hiyo namba ndiyo pekee anayoijua mtoto wangu.”

“Imezuiwa kwa ajili ya uchunguzi wa pesa, mama.”

“Basi zuia pesa! Zizuieni zote, sizitaki. Niachieni iite tu. Iite basi, nisikie.”

Binti aliangalia kucha zake. “Mfumo haugawi hivyo. Ikifungwa imefungwa yote.” Kisha, kwa sauti ya chini, kwa sababu hakuwa mtu mbaya: “Leta maelezo ya matumizi, pesa iliyoingia na iliyotoka, pamoja na stakabadhi. Ukileta leo, leo hii meneja anafungua.”

“Leo hii?”

“Kabla hatujafunga.”

Mama Pini alitoka mbio. Alimkuta mumewe kwenye karakana yake, amevaa miwani myeusi, anachomelea geti la mtu. Pesa zilikuwa zikiingia kwa mke, lakini mume ndiye aliyekuwa akizitoa na kulipa, maana yeye ndiye aliyezunguka na mabango. Alimweleza huku akihema. Alitegemea mumewe azime mashine wakimbie pamoja. Baba Pini alizima mashine, akavua miwani, asikimbie.

“Kuna pengo,” alisema.

“Pengo gani?”

“Nililipa kodi ya nyumba. Ile miezi tuliyokuwa tunadaiwa.”

Mama Pini alikaa juu ya geti, chuma bado cha moto, hakusikia.

“Mwenye nyumba alikuja,” Baba Pini aliendelea, macho chini. “Akaniambia mmechangiwa na nchi nzima mnanificha mimi? Akasema anatia kufuli. Nikafikiria, mke wangu. Nikafikiria Pini anarudi mwenyewe, amechoka, anasukuma mlango wa kwao anakuta kufuli la watu. Sikuweza.”

“Ungeniambia.”

“Ningekuambia nini? Kwamba wale mbwa wanasema kweli?”

“Hawasemi kweli!”

“Kidogo wanasema.” Alijifuta uso kwa mkono wenye masizi. “Nipe kesho. Mwenye geti hili akichukua ananilipa, naziba pengo, twende na hesabu safi. Tukienda leo na stakabadhi ya kodi, jioni tutakuwa kwa Mama Ukweli. Kesho tu. Siku moja ina nini?”

Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Mama Pini alikuwa ameonja kutukanwa kwa jambo asilolifanya. Kutukanwa kwa jambo la kweli hakujua angekubeba vipi. Alimtazama mume wake, mwanamume mkubwa aliyesinyaa ndani ya ovaroli, akamhurumia, na huruma hiyo ataijutia mpaka anaingia kaburini.

“Haya,” alisema. “Kesho.”

* * *

Kesho yake mwenye geti hakutokea hadi magharibi. Kesho kutwa asubuhi ndipo walipofika dirishani, hesabu safi mkononi, na mchana laini ikafunguliwa. Simu ilianza kutetemeka mkononi mwa Mama Pini kabla hawajatoka mlangoni pa ofisi. Tusi. Tusi. Mtu anauliza kama anashona suti za wanaume. Tusi. Kisha sauti ya mwanamke mtu mzima, na nyuma yake honi na kelele za stendi.

“Wewe ndiye mwenye namba hii? Ee, hatimaye! Mimi nauza vocha hapa stendi, mji wa mbali na ninyi. Jana nimekupigia mpaka nimechoka.”

“Karibu, dada.”

“Sijui kama ni maana au ni utoto. Jana kilikuja kitoto cha kike kwenye meza yangu, kikaniambia nikipigie simu. Namba gani, nikakiuliza. Kikasema sifuri saba, kifua sabini na nne, kiuno kumi na moja...”

Mama Pini alikaa chini, pale pale kwenye ngazi za ofisi, watu wakimruka.

“Hallo? Upo?”

“Nipo. Nyonga,” alisema. “Alikutajia nyonga?”

“Nyonga na mkono. Nilicheka, nikaandika kiganjani. Nikapiga mara tatu, haipatikani. Kikaniambia, piga tena, mama anapokea, mama huwa anapokea. Nikapiga tena. Ndipo akaja mwanamke mmoja akakishika mkono, akasema huyu binti yangu mtundu samahani, wakaondoka. Kilikuwa kinanigeukia. Nimeshindwa kulala, dada yangu. Nimejiambia leo nipige mara moja tu ya mwisho.”

Baba Pini alikuwa amesimama ngazi ya juu. Hakusikia maneno ya simu, lakini alimwona mkewe akigeuka na kumtazama, na akajua. Walikaa ndoa yao yote bila yeye kuwahi kutazamwa hivyo.

Polisi walienda stendi ile. Walikuta meza, muuza vocha, na namba iliyoanza kufutika kiganjani mwake. Wakasema watapiga simu.

* * *

Wifi, kwa nia njema, aliandika mtandaoni kwamba mtoto yu hai, kwamba alijaribu kupiga, kwamba walioripoti laini wajitazame kwenye kioo. Laiti asingeandika. Kambi ya Mama ililia. Kambi ya Hesabu ilicheka. Mama Ukweli alipaka wanja akakaa mbele ya simu.

“Mimi nauliza tu. Mtu asiyemjua anapiga, anasema nimemwona mtoto, na mama anaamini papo hapo? Matapeli wangapi wamepiga kabla? Huyu kamwamini kwa sababu gani? Atuambie alijuaje. Akituambia, mimi mwenyewe nitapiga magoti hapa hapa niombe radhi.”

“Tuambie,” wifi alimsihi Mama Pini dukani. Baba Pini alikuwa mlangoni. Siku hizi aliishia mlangoni. “Kuna kitu unakijua. Kiseme, utakate.”

“Sisemi.”

“Watu wanakuita muuza mtoto! Mwenye nyumba amewapa notisi, kodi kapokea na notisi katoa. Una neno moja la kuwafunga midomo na umelikalia?”

“Wifi, wanaonipigia kunitapeli kwa siku unawajua wangapi? Huyu kamwona huku, yule kamwona kule, tuma nauli nimlete. Nawatambuaje? Nina kitu kimoja tu cha kumtambua mwenye mtoto wangu na asiye naye. Nikikitoa kwa watu, kimekwisha.” Akavuta kitambaa mbele yake. “Waniite watakavyo. Jina langu halina kazi.”

Baba Pini alisikiliza yote hayo, akaondoka.

Alikuwa na deni, na mwenye deni la namna ile hapati usingizi. Alichoona yeye ni mke wake anayevuliwa nguo kila siku mbele ya halaiki, kwa ajili ya siku moja aliyoiomba yeye. Alitaka kumpa kitu. Hakuwa na kingine cha kumpa ila heshima yake. Jioni hiyo, wakati Mama Pini anamalizia kupindia shuka, wifi aliingia mbio ameishika simu yake mbele kama sinia la moto.

Kwenye kioo cha simu, ubavuni mwa Mama Ukweli, laivu, alikuwa Baba Pini. Amevaa shati lake la kuendea misibani, lile aliloshonewa na mkewe.

“Kosa ni langu,” alikuwa akisema. “Pesa ya kodi nililipa mimi, laini ilichelewa kwa ajili yangu. Mke wangu hana hatia. Mnauliza alijuaje? Tulimfundisha mtoto namba kwa vipimo vya nguo. Bibi Nyigu. Kifua sabini na nne...”

“Usiseme,” Mama Pini aliiambia simu ya wifi. “Baba Pini, usiseme. Nyamaza. Nyamaza!”

“...kiuno kumi na moja...”

Alivitaja vyote mpaka mkono. Akalia mbele ya watu, mwanamume mzima. Na Mama Ukweli, lazima tumpe haki yake, alipiga magoti kweli. Wanja ulimtiririka. Maelfu walilia naye, kambi mbili zikaombana radhi, na kabla kipindi hakijaisha michango ilikuwa inaingia tena, mizito kuliko ya kwanza. Wifi alikuwa anasoma maoni kwa sauti, “Mama shujaa, Mama tusamehe,” akainua uso, akaona uso wa Mama Pini, akaacha kusoma.

* * *

Asubuhi simu ilianza kulia kabla ya mlango wa duka kufunguliwa.

“Kifua sabini na nne!” Vicheko, ikakatwa.

“Dada, niko na mtoto hapa, ananitajia kiuno kumi na moja, nyonga zake nazijua. Tuma ya nauli kwanza.” Mwanamume.

“Shoga, tumeguswa sana na Bibi Nyigu, tunataka kukutungia wimbo.” Mwanamke.

“Bibi Nyigu hajambo?” Kijana.

“Tuma nauli, mtoto anaumwa, anataja kifua tu.” Mwanamume mwingine, au yule yule.

Mkasi haukugusa kitambaa siku ile. Alipokea, akasikiliza, akakata, akapokea. Vipimo vilivyokuwa vya watu watatu vikawa vinatoka kwenye kila mdomo, wa watu wazima wakijifanya watoto, wa watoto waliochochewa na kaka zao. Baba Pini aliingia mchana, akakaa sakafuni karibu na meza ya kukatia, akashika ile sumaku ya spika.

Saa za alasiri iliingia namba iliyofichwa.

“Hallo?”

Upepo. Injini ya gari kubwa. Kisha sauti ndogo ya kike, ya karibu sana na ya mbali sana, inakwenda upesi: “Kifua sabini na nne, kiuno kumi na moja, nyonga...” Kilio kikaimeza nyonga. Kitu kikagonga simu upande wa pili.

“Pini? Pini mwanangu, uko wapi? Sema mama!”

Ikakatika.

Namba iliyofichwa hairudishiwi. Alibonyeza, akabonyeza, akaishika simu kwa mikono miwili kama anayetaka kuikamua. Baba Pini alikuwa ameshasimama.

“Ni yeye?” aliuliza. “Mke wangu, ni yeye?”

Mama Pini aliifikiria ile sauti. Tangu asubuhi alikuwa amesikia sauti nyingi za watoto, na hii ilikuwa na kilio, na nyingine zilikuwa na kilio pia.

“Juzi ningekujibu,” alisema.

Simu ikalia tena, akapokea.